Miaka minne na mashine za bei kubwa: uzoefu wangu katika karakana ya Jinja

Mashine niliyoilipia fedha nyingi kuliko zote katika karakana yangu ina uzito wa kilo tatu na ushei, na kazi yake ni moja tu: kutoboa tundu bapa kwenye mbao. Ni Domino DF 500 ya kampuni ya Festool ya Ujerumani, ambayo hata huko ng'ambo huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Mama watoto alipoiona risiti aliuliza kama gari lenyewe litaletwa kesho.

Ninafanya useremala Walukuba, mjini Jinja, na kazi zangu ni viti, vitanda, makabati na milango. Kwa zaidi ya miaka kumi nilitumia mashine za bei ya chini, nikaharibu kadhaa na kuzitengeneza, hadi miaka minne iliyopita nilipopata zabuni ya viti vya hoteli moja iliyo karibu na mto Naili. Malipo yale ndiyo yaliyoniwezesha kununua mashine tatu za bei kubwa kwa mwaka mmoja, yaani hiyo Domino, msumeno wa umeme unaotembea juu ya reli, na mashine ya msasa pamoja na kifyonza vumbi chake. Mafundi wenzangu huniuliza kila mara kama fedha zile zilirudi, na jibu langu linatofautiana kwa kila mashine.

Domino imerudisha fedha zake. Kikatio chake huzunguka huku kikiyumba kushoto na kulia kwa wakati mmoja, hivyo katika sekunde chache unapata tundu refu lenye ncha za mviringo, unatia gundi, unachomeka ulimi wa mbao, na kiungo kimekamilika. Kiti cha kulia chakula kina viungo visivyopungua vinane, na nilipokuwa nikichimba kila tundu kwa patasi, siku nzima ilinipa viti viwili au vitatu vilivyo tayari kwa gundi. Sasa mimi na kijana ninayemfundisha tunaandaa viti kumi kwa siku, na hakuna kinachoyumba kinapowekwa sakafuni. Ndimi zinazouzwa kwa ajili ya mashine hii hutengenezwa kwa mbao ngumu ya Ulaya, na kuziagiza kila mara kungemaliza faida yote, kwa hiyo ninachana zangu kutoka kwenye mabaki ya mugavu, mti wa hapa kwetu, ninazipiga randa hadi unene wa milimita 8 au 10, kisha ninaviringisha kingo zake kwa ruta, mashine ya kuchonga kingo. Hata hivyo mashine hii haizami zaidi ya milimita 28. Kwa mlango wa mvule wenye fremu nzito hicho ni kina kidogo mno, na milango yangu bado ninaiunga kama nilivyofundishwa na mzee wangu: ulimi unaopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwa kabari.

Msumeno wa reli ndio ulionifundisha kwa uchungu, na jina la kampuni yake sitalitaja. Kwa plaiwudi na bodi za makabati hauna mpinzani, kwa sababu unakata mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa bodi bila kung'oa nyuzi za juu, na ukingo unakuwa safi kiasi kwamba sihitaji kuupiga randa. Lakini mbao zetu za Uganda haziji zikiwa bodi. Mvule, kwa mfano, mara nyingine hubeba jiwe ndani yake, chokaa iliyoganda katikati ya mti ambayo huioni kwa nje, na bladi ya bei kubwa ikigonga jiwe hilo hupoteza meno sawasawa na bladi ya bei ndogo. Niliharibu mbili kabla ya kuamua kwamba mvule inakatwa kwa msumeno wa zamani.

Kisha umeme ulikatika mchana mmoja, ukarudi kwa kishindo, na msumeno ukanyamaza. Mota ilikuwa nzima. Kilichoungua ni kibao kidogo cha elektroniki kinachodhibiti mwendo. Hapa ndipo hesabu ya bei inapobadilika. Mashine yangu ya zamani ilipoungua niliipeleka Katwe, mtaa wa mafundi mjini Kampala, fundi akasuka nyaya za mota upya, akabadilisha kaboni, na siku ya tatu nikawa kazini. Fundi yuleyule aliufungua msumeno wa bei kubwa, akakitazama kile kibao, akaniambia kwa upole, "Mzee, hiki hakisukwi." Kipuri kiliagizwa kutoka nje ya nchi na nilikisubiri kwa wiki saba, huku kazi za makabati zikienda kwa jirani. Tangu siku hiyo mashine zote zenye elektroniki zinapitia kwenye stebilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, na umeme ukikatika kijana wangu ana amri ya kuchomoa waya kabla hajafanya jambo jingine lolote. Atakayenunua mashine ya aina hii aiweke bei ya stebilaiza ndani ya hesabu yake tangu mwanzo.

Mashine ya msasa niliinunua bila matumaini makubwa, nikidhani ni anasa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kukaba kifua, jambo ambalo kila seremala wa hapa analijua, na tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kijana wangu alikuwa akikohoa kila jioni tulipokuwa tukisugua vitanda, na kikohozi hicho kilipungua ndani ya mwezi mmoja tangu tuanze kutumia mashine hii na kifyonza vumbi chake. Kwa kuwa vumbi linafyonzwa papo hapo, karatasi ya msasa haizibi upesi, hivyo ninatumia chache kuliko zamani, na vanishi haishiki tena chembechembe zinazoelea hewani. Ndiyo ya bei nafuu katika zile tatu, na ningelazimishwa kubaki na moja tu ningeichagua hiyo kabla hata ya Domino.

Neno moja kuhusu mashine zinazoletwa na ndugu walioko Marekani: nyingi ni za volti 120, nasi huku tunatumia 240. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua kabla hujaikaribisha nyumbani, na transfoma yenye nguvu ya kuendesha msumeno ni nzito na ina gharama yake.

Kijana wangu sasa ananionyesha kwenye simu picha za mashine ya randa ya Ulaya, akinihesabia saa tutakazookoa. Nimemwomba kwanza aulize Katwe kama kuna anayeweza kuitengeneza, na hadi leo hajarudi na jibu. Ile ya zamani ilisukwa mwezi uliopita, na ndiyo inayopiga kelele hapa ninapoandika.