Relient K, "Mmhmm": Subirini Piano Iingie

Hamjambo jamaa zangu, karibuni tena, hapa ni Kisumu, na leo nina albamu ninayoipenda kupita kiasi. Tazameni kava hii: "Mmhmm" ya Relient K, bendi ya panki ya Kikristo, mwaka wa 2004. Kwamba ni vijana wa Ohio, Marekani, na jina lilitoka kwenye gari la mpiga gitaa wao, Plymouth Reliant, hayo mnayajua, tusimalize bando la mtu bure. Twende moja kwa moja kwa wimbo "Be My Escape".

Ngojeni nisogeze spika. Nitacheza vipande tu, video isije ikafungiwa kwa haki miliki. Haya, mwanzo huu hapa: mwimbaji wao, Matt Thiessen, anaimba polepole, kama mtu aliyechoka. Sasa... hizo ngoma! Gitaa zimejaa kila mahali. Hii ndiyo kasi ya panki, ile roki ya mbio na kelele, huwezi kuisikia ukatulia kwa kiti. Sasa fuatilieni maneno: ni mtu aliyejifungia ndani ya makosa yake mwenyewe, anamwomba Mungu amtoe. Ndiyo maana anapaza sauti. Mtu aliyebanwa haombi kwa kunong'ona.

Sasa napeleka mbele, karibu na mwisho. Sikilizeni... Mmesikia? Gitaa zimekatika, ngoma hakuna, imebaki piano na sauti tu. Narudisha, hii lazima muisikie mara ya pili. Hapo! Anakiri kwamba alipigana na Mungu muda mrefu, badala ya kumfungulia. Anasema alichotaka ni kujiokoa tu. Halafu mstari wa mwisho kabisa anamgeukia Mungu: kumbe na wewe ulikuwa unataka kuniokoa. Basi, wimbo umeisha. Harudii hata kiitikio! Jamani, mwili hunisisimka kila mara. Mtu mwingine angerudisha gitaa pale apate makofi, huyu ameacha ungamo likae lenyewe.

Kuna mtazamaji aliyeniuliza kama kelele kama hizi zinaweza kuwa za Kristo kweli. Ndugu yangu, fungua Zaburi ya 150: "Msifuni kwa matoazi yavumayo sana." Matoazi yenyewe ndiyo haya! Halafu sisi wa Kisumu, matatu ya Kondele inapita na besi hadi madirisha yanatetemeka na hatulalamiki, iweje gitaa la mtu anayetubu ndilo litusumbue?

Najua mashabiki wa MxPx, ile bendi nyingine ya panki, mko hapa. Albamu yao "Life in General" ya 1996 ni moto, sibishani. Hapo walikuwa watu watatu tu, Mike Herrera anapiga besi huku anaimba. Kwa panki tupu, MxPx wako mbele. Lakini siku nimeudhi watu nyumbani na sijui nitaanzaje kuomba msamaha, naweka hii ya Relient K, naruka hadi "Who I Am Hates Who I've Been". Mtu anayechukia alivyokuwa jana na anataka kuanza upya, mbona hiyo ni sala ya kila mmoja wetu.

Ambayo sikuwahi kuipenda ni "My Girl's Ex-Boyfriend", ile ya kufurahi kwamba yule wa kwanza alimwacha msichana. Naona inapunguza uzito. Ingawa... albamu ina nyimbo 14, na baada ya machozi yote hayo pengine mtu anahitaji kupumua kidogo. Haya, ibaki. Msiiruke.

Bei sasa. CD hii ni ya mkono wa pili, nimeitoa soko la Kibuye kwa shilingi 300, muuzaji alikuwa ameanza na 500. Ikague upande wa chini kwenye mwanga kabla hujalipa, yenye mikwaruzo ya kuzunguka achana nayo, itakwama. Kama huna mashine ya CD, isikilize mtandaoni, lakini tafadhali vaa spika za masikioni, kwa sababu spika ya simu inaimeza ile piano kabisa.

La chaneli ni moja: video sasa zitatoka Jumamosi jioni, Jumapili niko na kwaya. Jumamosi ijayo ni zamu ya MxPx. Mwenye CD halisi ya "Life in General" hapa Kisumu, Kakamega au hata Nakuru, aniandikie hapo chini, bei tutaelewana.