Kozi ya Biblia na mapenzi ya jinsia moja: Warumi imefundishwa vizuri, Mathayo imepunjwa

Nafundisha vijana Biblia kanisani, na swali la ushoga halikosi kuulizwa. Nilijiunga na kozi hii ya mtandaoni, masomo manane ya video pamoja na kitini, nikimtafuta mwalimu wa kunirudisha kwenye andiko lenyewe, mbali na hasira za watu. Kwa sehemu kubwa nimempata.

Somo la kwanza ni Sodoma. Kabla ya kueleza chochote anakutaka usome Mwanzo 19 yote, kisha Waamuzi 19, habari ya Gibea. Huko nako watu wa mji wanaizingira nyumba wakimtaka mgeni mwanamume; mwishowe anatolewa suria wake, wanambaka usiku kucha, anakufa. Ukizisoma kwa kufuatana huwezi kukwepa kuona kwamba sura zote mbili zinahusu genge la wabakaji na wageni wasio na mtetezi. Kisha anakupeleka Ezekieli 16:49, ambapo uovu wa Sodoma ni kiburi, shibe na kumpuuza maskini. Wengi wanaopenda mstari huo huuacha ule wa 50, unaotaja machukizo, wala hawafiki Yuda 7, unaotaja uasherati. Yeye ameisoma yote, akasema bila kumumunya maneno kwamba Sodoma peke yake haiwezi kubeba mjadala huu, uwe upande wowote. Naafiki kabisa. Nimesikia mahubiri mengi mno yanayoanzia Sodoma na kuishia hukohuko.

Mambo ya Walawi 18 na 20, zinazomkataza mwanamume kulala na mwanamume, amezipitia harakaharaka, na haikunisumbua.

Warumi 1 ndiyo inayoipa kozi hii thamani yake. Kamera inaonyesha Biblia mezani. Mwalimu anakifunika kichwa cha sura ya pili kwa kipande cha karatasi, anasoma kutoka 1:18 bila kusimama. Sanamu, tamaa za wanawake na wanaume, halafu husuda, uuaji, usengenyaji, wasiowatii wazazi wao, na papo hapo 2:1: “wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru”. Anakumbusha kwamba Paulo hakuandika kwa sura. Mgawanyo tunaoutumia ni wa karne ya 13. Tumezoea kufunga kitabu pale ambapo Paulo alikuwa ndiyo kwanza anamgeukia msikilizaji wake.

Baada ya hapo anaweka tafsiri mbili mezani na kuibana kila moja. Wanaosema Paulo alilenga unyonyaji wa wakati wake, bwana na mtumwa, mtu mzima na mvulana, wanaulizwa: mbona 1:27 inasema waliwakiana tamaa wao kwa wao, na mbona 1:26 inawataja wanawake? Wanaosema Paulo anategemea maumbile tangu uumbaji wanaulizwa: basi mtafanyaje na 1 Wakorintho 11:14, ambapo maumbile hayohayo yanamkataza mwanamume nywele ndefu? Hakuna aliyeachwa apumue, na hakuna aliyedhihakiwa.

Sasa kasoro. Mathayo 19:4-6 imepewa dakika chache tu, nami hilo siwezi kulifumbia macho. Yesu anaulizwa juu ya talaka, anarudi Mwanzo 1:27 na 2:24, mume na mke, mwili mmoja. Sisi tunaoshika mafundisho ya zamani tunasimama hapo zaidi kuliko kwenye makatazo. Kozi imetuonyesha kama watu wenye mistari ya kukataza tu, wasio na picha ya ndoa wanayoilinda. Wenzetu wa upande wa pili wangejibu kwamba swali lilikuwa talaka, na kwamba mstari wa 12 unawapa matowashi nafasi. Vizuri, wajibu! Mabishano hayo ndiyo niliyoyataka.

Somo la historia ni zuri kuliko nilivyotarajia. Linaonyesha kwamba azimio la maaskofu wa Kianglikana kwenye Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70, lilikataa matendo hayo na papo hapo likaahidi kuwasikiliza wahusika. Kisha linaeleza jinsi Kanisa la Muungano la Methodisti lilivyofuta mwaka 2024 kauli iliyoandikwa mwaka 1972, kwamba matendo hayo hayapatani na mafundisho ya Kikristo.

Somo la mwisho, la uchungaji, ni jembamba mno. Kifungu cha 2358 cha Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kinachotaka watu hawa wapokelewe kwa heshima na huruma, kimesomwa tu na kuachwa. Hakuna hata sentensi moja kwa mzazi ambaye mwanawe amemwambia jana usiku. Mtu anayeishi na swali hili nyumbani mwake asingepaswa kutoka kwenye kozi mikono mitupu.

Pamoja na hayo, kwa wachungaji, makatekista na viongozi wa vijana naipendekeza. Anzeni na somo la Warumi, Biblia ikiwa wazi, kisha Mathayo 19 mkaisome wenyewe kwa kirefu.