Mafuta ya CBD kwa kiungulia: uzoefu wangu, na hasira zangu

Mnanaa! Mtu anakuuzia mafuta ya CBD, ile kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, eti ya kutuliza kiungulia, kumbe ndani ametia mnanaa! Sisi tunaolala tumeegemea mito tunaujua mnanaa vizuri: unalegeza ule mlango kati ya umio na tumbo, asidi inapanda mpaka kooni. Kwa wenye kiungulia ni kati ya vitu vya kwanza tunavyokatazwa.

Nilinunua hapa Columbus, Ohio, duka silitaji, siku za kuelekea Ramadhani au baada yake kidogo. Kilichonivuta ni muuzaji, kijana wa kwetu, Kiswahili chake cha Tanga kabisa. "Dada yangu, hii inakata asidi. Utakuja kunishukuru." Akanifungulia na makala kwenye simu kuhusu kanabinoidi, yaani kemikali za bangi na za jamii yake, na asidi ya tumbo, akanitumia. Nikatoa dola 60. Matone chini ya ulimi, usiku, kama alivyonielekeza.

Kifua kikawaka zaidi. Usiku mmoja nimekaa kitandani naisubiri asubuhi, nikaamua kuisoma ile makala yake mpaka mwisho. Inasema nini? Kwamba katika panya, vitu vinavyopunguza asidi ni vile vinavyoamsha vipokezi vya CB1, vile vishikizi vya seli vinavyopokea kanabinoidi, ambavyo viko kwenye ncha za neva ya vagasi, neva inayoliamrisha tumbo kutoa asidi. Amri inafifia, asidi inapungua. Lakini panya wakipewa histamini, kemikali ambayo huenda moja kwa moja kwenye seli zinazotengeneza asidi, kinga hiyo haifui dafu. Sasa sikilizeni: CBD haiviamshi vile vipokezi. Inayoviamsha ni THC, ile inayolevya. Na chupa yangu iliuzwa hadharani kwa sababu sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 ilitaka THC isizidi asilimia 0.3! Yaani nimeuziwa biriani, kufunua sufuria ni wali mtupu.

Nikaenda kuirudisha. Watu wamejaa dukani, yule yule wa "dada yangu" ananitazama kama hajawahi kuniona. "Dada, mimi si daktari. Kwani hukusoma lebo?" Nikamwambia, mbona siku ile ulikuwa daktari bingwa? Akainama kwenye simu yake, akamwita mteja mwingine. Mzungu angenijibu hivyo ningesahau jioni ile ile. Huyu bado yuko kichwani.

Lebo nimeisoma, tena kwa tochi. Chini kabisa, pale karatasi inapokunjwa, herufi ndogo kama mayai ya chawa: haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Ndiyo dawa yake hiyo.

Na hakuniuliza natumia dawa gani. Mfamasia ndiye aliyeniuliza, siku nimeenda kuchukua omeprazole yangu, dawa ya kupunguza asidi. Akaniambia CBD inazuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja omeprazole, dawa inaweza kujaa mwilini kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo nimwambie daktari wangu. Swali moja tu, dakika moja, bure.

Niwe mkweli lakini. Hata angeniuzia yenye THC ya kutosha, sijui kama ningefurahi. THC inachelewesha chakula kutoka tumboni, na chakula kikikaa ndipo kiungulia kinaponogewa. Halafu kuna ile habari iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1978: watu waliojitolea kunywa vijidudu vya kipindupindu kwenye utafiti wa chanjo, wale waliokuwa wakivuta bangi mara kwa mara walikutwa na asidi kidogo, na kuhara kwao kukawa kukali zaidi. Asidi hii ninayoitukana ndiyo mlinzi wa tumbo, na mimi kila nikienda nyumbani nakunywa maji ya kisima cha bibi. Labda yule kijana kaniokoa bila kujua. Hapana, simshukuru ng'o.

Nilitaka kuweka nyota moja. Nikakumbuka zile siku za mwanzo nilisinzia mapema na goti la kushoto lilinyamaza, nikaweka mbili. Sasa nimeandika mpaka hapa, ladha ya mnanaa imenirudia mdomoni, na ya pili naiondoa. Chupa imebaki zaidi ya nusu. Mwenye magoti mabovu na tumbo zima, aliye karibu, aje aichukue bure.