Nyota moja kwa jumba langu la sinema, nayo ni ya mzee wa juu

Siku kadhaa zimepita na hasira haijanitoka. Jumba la sinema la kitongoji chetu nimeanza kuingia tangu nikiketi miguu inaning'inia, halafu leo nimelipatia nyota moja. Kama mfumo ungekubali sifuri, ningebonyeza sifuri.

Nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka sita. Hajawahi kuangalia picha ukumbini. Viti nilivichagua kwa makusudi, safu ya nane, upande wa kulia, pale pale marehemu baba alipokuwa akipenda kuniketisha. Kwa saa nzima na ushei mtoto hakujitikisa. Mvulana wa kwenye picha amempoteza mbwa wake, amevuka mto, amelala porini, na sasa amefika kwenye geti la nyumba asiyoijua, anaita jina la mbwa. Hapo skrini ikawa nyeusi.

Sauti haikukatika. Afadhali ingekatika! Tulikaa gizani tukimsikia mvulana akiita, geti likalia, muziki ukapanda, kisha mtu akaanza kulia, wala sijui kilikuwa kilio cha furaha au cha msiba. Mjukuu akanikamata mkono: "Bibi, amempata?" Nikakosa la kumjibu. Watu waligeuka kutazama kile kidirisha cha projekta kule nyuma, wengine wakapiga miluzi. Nyuma ya kidirisha hapakuwa na mtu.

Nikamwacha mtoto na mama mmoja aliyeketi jirani yetu, nikatoka mbio. Kijana wa tiketi akaniambia nisubiri, itarudi yenyewe. Nilipompata meneja, kule ndani majina ya waigizaji yalikuwa yameshapita na taa zimeshawashwa. Hakunyanyuka kitini. Alinijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, mashine zinajiendesha zenyewe siku hizi, hatuna mtu wa kukaa kule juu." Akanisogezea tiketi ya bure mezani. Ningeweza kuipokea na kunyamaza, lakini akaongeza: "Na zilikuwa zimebaki dakika kumi tu. Mwisho wake si mtautazama kwenye intaneti?"

Dakika kumi tu. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo.

Nataka nieleze kwa nini yameniuma kiasi hiki, maana wapo watakaosema bibi huyu anakuza mambo. Nilipokuwa mtoto, ukumbi ule ulikuwa mmoja, mkubwa, na kule juu alikaa mzee mmoja na projekta mbili. Filamu ilikuja kwenye makopo, imekatwa vipande vya kama dakika ishirini ishirini. Kipande kikikaribia kuisha, kidoa cha mviringo kilipepesa kwenye kona ya juu kulia ya picha. Baada ya sekunde chache kikapepesa cha pili, na papo hapo mzee, aliyekuwa ameshaiwasha projekta ya pili, akaifungulia picha na kuifunga ya kwanza. Baba alinifundisha kuvitazama vidoa hivyo. Nilikuwa nabana pumzi kuanzia cha kwanza hadi cha pili, na mzee hakukosea. Mwanga wenyewe ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokuwa vikiungua taratibu, na vikiachana sana picha inafifia. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu awe macho pale, aangalie picha ile ile tunayoiangalia sisi, dakika kwa dakika. Yeye aliiona hata zaidi yetu, kwa sababu aliiona kila siku.

Usiku mmoja filamu ilikwama kwenye mashine. Mnaokumbuka enzi za kanda mnajua inavyokuwa. Filamu inakimbia picha 24 kwa sekunde, na ikisimama mbele ya taa ile inaiva. Doa la kahawia lilizuka katikati ya shavu la mwigizaji, likafanya mapovu, likamla uso mzima. Watu wakapiga kelele. Baada ya muda mzee akashuka mwenyewe, mikono ina mafuta, akasimama chini ya skrini mbele ya watu wote. "Nisameheni sana. Nipeni dakika nne." Akapanda, akakata palipoungua, akaunga, na aliporudisha picha aliianzia nyuma kidogo ili tusipoteze tulipokuwa tumefika. Hakuna aliyedai tiketi ya bure usiku ule.

Baadaye, mwaka gani hasa siukumbuki, wakaugawa ukumbi kwa ukuta. Kwanza ikawa kumbi mbili, kisha tatu. Ukuta ulikuwa mwembamba, na ukikaa upande wa katikati ulisikia mabomu ya jirani ndani ya mazungumzo yako ya mapenzi. Nililichukia jambo hilo kwa miaka mingi. Vipande vyote vya filamu wakawa wanaviunganisha na kuvilaza kwenye sahani kubwa ya chuma, picha ya saa mbili ikiwa utepe wa zaidi ya mita 3,000, na mtu mmoja akahudumia kumbi zote tatu. Mzee alikuwa ameanza kuchoka. Tulisikia nyayo zake zikikimbia kwenye ujia wa juu kutoka dirisha hadi dirisha. Lakini tulizisikia! Picha ikiingia ukungu kidogo, unageuka tu, unakiona kivuli chake, na mara macho ya mwigizaji yanakuwa safi tena.

Kisha ikaja dijitali. Mnamo 2013 na 2014 studio kubwa za Marekani zilikuwa tayari zinaachana na kanda za milimita 35, na jumba lisilokuwa na projekta mpya lilijua litakosa picha za kuonyesha. Siwalaumu kwa kubadilisha. Tena niseme haki, picha ya sasa haina mikwaruzo, haitetemeki, na wiki ya sita inang'aa kama siku ya kwanza. Sauti inanizunguka mpaka nasisimka. Viti ni vizuri kuliko vile vya zamani vilivyokuwa vinachoma mapaja. Kwa hayo pekee wangestahili nyota nne, na nilikuwa nimeshaanza kuzibonyeza.

Lakini kilichotokea siku ile hakikuwa muujiza wa mashine. Kwenye mitambo hii seva, yaani kompyuta inayosoma filamu na kutoa sauti, na taa inayorusha picha ni vitu viwili. Taa ikizimika, seva haina habari, inaendelea kusoma filamu mpaka mwisho, gizani. Mtu mmoja tu, hata kijana wa wiki mbili kazini, angesimamisha filamu, akawasha taa upya, akarudisha nyuma kidogo. Kama taa imekufa kabisa, angeshuka akatuambia. Mashine haiwezi kuona kwamba skrini ni nyeusi, na hapajawekwa mtu wa kuiona kwa niaba yake. Ni hilo tu ninalolililia. Na meneja, ambaye kazi yake yote ni picha, anadhani mwisho wa picha ni kitu cha kutazama kwenye simu!

Mwaka 2020, korona ilipofunga majumba ya sinema karibu dunia nzima, nilikuwa napita pale nikitembea jioni. Bango la mbele lilibaki na jina la filamu ile ile miezi mingi, herufi mbili zikaanguka, hapakuwa na wa kuzirudisha. Nilisimama nikaliombea jumba lile, kwa sauti, njiani. Walipofungua tena nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kununua tiketi, nikakaa peke yangu katikati ya viti vitupu, nikalia kabla picha haijaanza. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba silitakii mema.

Nilikuwa nimeapa sirudi. Nimewaambia wanangu, nimewaambia majirani. Ila mjukuu kila asubuhi ananiuliza kama yule mvulana alimpata mbwa. Mama yake alitaka kumtafutia mwisho kwenye simu, nikamzuia. Jana mtoto amenichorea. Geti amelichora, mvulana amemchora kamnyoosha mkono, na mbele ya mkono ameacha mahali pa mbwa pakiwa patupu.

Picha hiyo inaisha kuonyeshwa wikendi hii, na tiketi ya bure ninayo. Tutakwenda, ya mtoto nitamnunulia. Tutakaa safu ya mwisho kabisa, chini ya kidirisha, na nitaingia ukumbini nikiwa na namba ya simu ya meneja mkononi. Nyota moja naiacha hapo hapo mpaka Jumamosi jioni.