Zicam ya puani yenye zinki: ukiikuta kabatini, itupe

Wanaoletewa dawa za mafua kutoka Marekani wanalifahamu jina la Zicam. Tunazungumzia bidhaa tatu tu za jina hilo: Cold Remedy Nasal Gel (jeli ya puani), Cold Remedy Nasal Swabs (vijiti vya pamba vya puani), na vijiti vya pamba vya watoto, zote za kampuni ya Matrixx Initiatives. Ukikuta moja imebaki nyumbani, usiitumie hata kama haijafunguliwa.

Tarehe 16 Juni 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwataka watu waache kuzitumia. Ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 130 za watu waliopoteza uwezo wa kunusa, wengine kwa dozi ya kwanza tu. Kampuni iliziondoa sokoni huku ikishikilia kuwa ni salama, kwa hoja kwamba mafua yenyewe huondoa harufu. Ni kweli huondoa, lakini kwa kawaida pua huziba kwanza, na harufu hurudi kamasi zikipungua. Wagonjwa wa jeli hii walioelezwa na madaktari waliungua puani papo hapo, kisha harufu zikatoweka.

Zinki yenyewe si sumu kwa mwili. Kosa ni mahali inapotua. Seli za kunusa zimekaa juu kabisa ndani ya pua, ncha zake zikiwa wazi, na zinki ikizifikia huziua. Ukivuta jeli kwa nguvu, unaipeleka huko huko. Na hili lilijulikana zamani: miaka ya 1930 nchini Kanada, watoto walipuliziwa zinki salfeti puani ili kuwakinga na polio, na baadhi yao wakapoteza kunusa.

Lebo nayo ilitia watu usingizi. Iliandika "Zincum gluconicum 2X" kwa mtindo wa homiopathi (tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa sana), na kwa njia hiyo dawa iliingia sokoni bila idhini ya FDA. 2X ni kuzimua kwa kumi mara mbili, yaani sehemu 1 kwa 100. Dawa nyingi za homiopathi huzimuliwa mpaka kusibaki kitu. Hii ilibaki na zinki ya kweli.

Zinki ya kumeza au kumumunya haikuhusika na onyo hilo. Mtoto anayeharisha aliyeandikiwa miligramu 20 kwa siku pamoja na ORS, kwa siku 10 hadi 14, aendelee nayo. Ila isiyeyushwe ikadondoshwa puani!

Baadaye vijiti vya puani vya Zicam viliuzwa kwa viambato vingine, kwa hiyo jina la boksi halitoshi. Geuza upande wa viambato. Ukiona "zinc" au "zincum" kwenye dawa ya kuingia puani, usinunue.

Pua ikiziba, maji ya chumvi yanatosha: mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, na robo kijiko cha chai cha chumvi, isiyo na madini joto ikipatikana. Matone ya xylometazoline, dawa ya kuzibua pua, yasizidi siku 3, la sivyo pua huziba upya.

Aliyekwisha kupoteza harufu amwone daktari wa masikio, pua na koo. Kwa wakati huo, anayetumia jiko la gesi amwombe mwingine akague mtungi, kwa kuwa yeye hatasikia harufu ya gesi ikivuja.