Kile kipande cha shaba si cha bunduki

Niliambiwa nisiguse. Lingekuwa hilo peke yake ningelivumilia, maana kila makumbusho yana sheria zake na mimi si mtu wa kuvunja sheria za watu. Lililonishinda ni lile lililofuata robo saa baadaye, na ndilo limenifanya niandike.

Jina la makumbusho hayo sitalitaja, wala mji. Ni madogo, vyumba viwili na baraza, na kinachowekwa humo ni masalia ya Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa huku kwetu Taita-Taveta, kusini mwa Kenya: Maktau, Mbuyuni, Salaita, Taveta. Utakuta maganda ya risasi, vifungo vya sare, viatu vya farasi, chupa, makopo ya nyama yaliyoliwa na kutu, misumari ya ile reli iliyotandikwa haraka haraka kutoka Voi kuelekea Taveta ili wanajeshi wapate maji na chakula. Vingi vya vitu hivi viliokotwa na wachungaji na watu waliokuwa wakilima. Bei ya tiketi si mbaya. Choo ni kisafi. Sina zaidi la kusema kuhusu mambo hayo.

Nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, babu mzaa babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hivyo na hakurudi. Hana kaburi tunalolijua. Nyumbani tulikua tukisikia kwamba "alikwenda na mzigo", basi, hadithi inaishia hapo. Ya pili ni ndege. Watu wengi wanajua habari za Simba wa Tsavo na reli, lakini ukimwambia mtu kwamba Mbuyuni palikuwa na uwanja wa ndege za vita zaidi ya miaka mia moja iliyopita, anakuangalia kama unaota. Palikuwepo. Mwaka 1915 marubani wa jeshi la majini la Uingereza walikuwa wakirukia Maktau. Mwisho wa Januari 1916 ikashuka Mombasa skwadroni ya 26, kikosi cha ndege cha Waingereza kilichojaa vijana wa Afrika Kusini, wakapelekwa Mbuyuni na ndege zao aina ya BE2c. Kazi yao ilikuwa kupeleleza, kupiga picha na kuangusha mabomu madogo kwenye kambi za Wajerumani. Ndege zenyewe zilikuwa mbao, kitambaa na waya. Jua la huku lilikuwa likizipinda mbao, na ndege iliyopinda mbao huirudishi sawa ila kwa kukaza na kulegeza waya, mmoja baada ya mwingine, kwa subira.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Miaka mingi nimefanya kazi ya kusimamisha minara ya simu, ile myembamba inayoshikiliwa na waya kutoka pande tatu. Kitu kinachosimama kwa nguvu za waya nakielewa kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilipofika kwenye kabati la tatu nikakiona kile kipande, nilikijua kabla sijasoma karatasi iliyo chini yake.

Ni kipande cha shaba kirefu kama kidole cha kati, chembamba kwenye ncha, kinene kidogo katikati. Katikati kabisa kina tundu. Kila ncha imeingiwa na kijiti chenye meno ya skrubu na kitanzi mwishoni. Anayefanya kazi ya waya anajua: upande mmoja meno yanakwenda kulia, upande wa pili yanakwenda kushoto, ukizungusha sehemu ya katikati ncha zote mbili zinaingia ndani kwa pamoja na waya unakazika. Ile ninayotumia mimi kazini ni ya chuma na ni kubwa kama mkono wa mtoto. Hii ilikuwa ndogo, nyepesi, ya kitu ambacho kila gramu yake ilihesabiwa. Karatasi iliyokuwa chini yake iliandikwa: "Sehemu ya bunduki ya rashasha. Imepatikana Mbuyuni. Ya Wajerumani."

Nikamwita kijana wa pale, kwa heshima kabisa. Nataka hilo lieleweke. Sikuinua sauti.

"Samahani kijana, hiki si cha bunduki."

"Mzee, imeandikwa hapo."

"Imeandikwa, lakini wamekosea. Hiki ni cha kukazia waya. Nadhani ni cha ndege. Ukifungua kidogo nikakiangalia vizuri, nitakueleza kwa nini."

"Hairuhusiwi kugusa, mzee."

"Sawa. Basi andika mahali, umwambie mkubwa wako."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia. Kisha akasema: "Mzee, walioandika hapo ni watu wamesoma."

Nimerudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Walioandika ni watu wamesoma. Mimi nimepanda angani mita sitini na mkanda kiunoni, nimekaza waya mvua ikininyeshea, najua mnara ukilia usiku ni waya upi umelegea. Hayo si kusoma?

Lakini nikanyamaza. Nikaenda chumba cha pili kumtafuta babu. Hapo pia nilipata jambo. Maafisa wana makabati manne: panga, darubini, kofia, barua, na kila kitu kimeandikwa ni cha nani na alizaliwa wapi. Wapagazi wana picha moja ukutani, watu mstari mrefu wenye mizigo kichwani, na chini yake kikombe cha bati kimewekwa juu ya meza bila hata kioo. Hakuna maelezo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakaribia laki moja, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na njaa, kuhara, homa na baridi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi chao, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mtaa mzima unaitwa kwa jina lao na makumbusho yanawapa kikombe kimoja. Nilisimama pale nikajiuliza kama mkono wa babu uliwahi kushika kikombe kama kile. Nilikigusa. Ndiyo, nilikigusa, hakikuwa na kioo na hakuna aliyenikataza, na sijutii.

Wakati huo likaingia gari la watalii. Wazungu watano, wazee, watu wapole. Sina ugomvi nao hata kidogo. Yule kijana akabadilika. Akatoa funguo mfukoni, akafungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Akawa anawapa vitu mkononi: shika hii, tazama hii, hii ni ganda la mzinga, hii ni sehemu ya rashasha ya Wajerumani. Kabati lile lile. Kitu kile kile. Robo saa haijaisha tangu aniambie hairuhusiwi.

Nilirudi nikasimama karibu. Yule mama mmoja alikuwa nacho kiganjani, anakigeuza geuza. Nadhani aliona ninavyokitazama, maana alinyoosha mkono akanipa, bila neno. Hivyo ndivyo nilivyokishika kitu cha kwetu, kilichookotwa kwenye ardhi yetu: nikikipokea kutoka kwa mgeni.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inaposhindwa. Ndani ya lile tundu la katikati bado kulikuwa na waya. Waya mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, umepitishwa kwenye tundu, ukapelekwa kwenye kitanzi cha ncha moja, ukasokotwa mara tano au sita. Waya huo unawekwa ili kikazio kisijifungue chenyewe kwa mtikisiko. Mimi nafanya hivyo hivyo. Kila fundi ana mkono wake wa kusokota. Mwingine anasokota kwa pupa, mwingine mizunguko inalala sawa sawa kama nywele zilizosukwa. Huu ulikuwa umelala sawa sawa, na ncha ya waya imepindwa kuingia ndani ili isimkwaruze mtu mkono. Fundi huyo alimfikiria mwenzake atakayekuja kukikagua kesho. Kule Mbuyuni, vumbi na jua, na mlima Kilimanjaro upo mbele yake, mtu aliinama akapinda ncha ya waya ndani. Rubani alipanda akarudi, au hakurudi, sijui, lakini kazi ya huyu ilikuwa imefanywa ipasavyo. Macho yalinilenga machozi mbele ya watu nisiowajua.

Nilikishika kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi. Kisha yule kijana akakichukua kutoka mkononi mwangu. Hakuomba. "Mzee, si nilikwambia." Akakirudisha kwenye kabati, juu ya karatasi yake ya uongo, akafunga.

Niliondoka nikiwa nimeshaamua: nyota moja kati ya tano, na kama ingewezekana, hata hiyo nisitoe. Msiende, pelekeni pesa yenu kwingine. Pelekeni watoto Mombasa, Fort Jesus, mkauone mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye matawi ya mto Rufiji hadi wenyewe walipoizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mzinga ule hausimuliwi bila ndege: meli za Waingereza, Severn na Mersey, zilikuwa zikipiga bila kuona shabaha, na aliyeziambia kombora limeanguka wapi ni ndege iliyotoka kisiwa cha Mafia. Ilipigwa ikiwa angani, injini ikafa, na mwangalizi aliyekuwa na rubani aliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha huku wakishuka kuangukia majini. Wote wawili waliokolewa. Hayo mtoto akielezwa akiwa mbele ya mzinga wenyewe, hatayasahau.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika mara ya kwanza. Nimeifuta.

Nimeifuta kwa sababu mzinga ni mkubwa, utakuwepo kesho na kesho kutwa, hakuna wa kuutia mfukoni. Kile kipande cha shaba kinaweza kupotea kesho, kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kikombe cha chai. Kwetu vingi vimekwenda hivyo: makopo, reli, maganda ya mizinga. Kama hayo makumbusho madogo yasingekuwepo, kisingekuwepo na mimi nisingekishika. Mtu aliyekipokea kwa mchungaji na kukiweka kwenye kabati, hata kama hakujua ni nini, alifanya jambo kubwa. Namshukuru kwa moyo wote. Kwa hiyo nendeni. Nendeni mkaombe kuonyeshwa kabati la tatu, na mkiambiwa hairuhusiwi, ulizeni mbona wengine wanaruhusiwa.

Nyota tatu, basi. Lakini kila nikikumbuka "walioandika ni watu wamesoma" nashuka kwenye mbili. Kosa la karatasi linasameheka, hakuna anayejua kila kitu. Kumfungia mwenyeji kabati na kumfungulia mgeni, hilo si kosa la karatasi.

Kabla ya kuondoka nilichora kile kipande kwenye ukurasa wa daftari langu, nikaonyesha meno yanavyokwenda, tundu, waya, na nikaandika kwamba kwa maoni yangu ni cha ndege ya Waingereza ya mwaka 1916 au karibu na hapo, kwa sababu kilipatikana Mbuyuni na Mbuyuni ndipo ndege hizo zilipokaa. Nikaandika na namba yangu ya simu. Nilimwachia askari wa mlangoni, maana yule kijana sikutaka kumwona tena.

Hakuna aliyepiga. Miezi imepita. Mpwa wangu anaendesha matatu njia hiyo, na juzi nilimwomba apite, alipe tiketi kwa pesa yangu, aangalie kabati la tatu. Akanipigia akiwa hapo hapo.

"Mjomba, wamebadilisha karatasi."

Moyo ulinidunda. "Wameandika nini?"

"'Kikazio cha waya wa ndege.' Imeandikwa kwa kalamu."

"Enhe, endelea. Ndege ya nani?"

Akasoma taratibu. "Ya Wajerumani."

Wajerumani walikuwa na ndege moja tu huku vita vilipoanza, kule upande wa Dar es Salaam, na iliharibika mapema sana. Ya Mbuyuni haikuwa yao. Nikamuuliza mpwa wangu ule waya mwembamba bado upo kwenye tundu. Akasema ngoja, akainama kwenye kioo, nikamsikia anapumua.

"Upo, mjomba. Umesokotwa vizuri."

Jumamosi naenda mwenyewe. Nitavaa viatu vya kazi, na safari hii nakwenda na kikazio changu cha chuma mkononi, niwawekee mezani vyote viwili.