Krimu za kuficha makovu: chunguza kupauka kabla ya bei

Malalamiko ya wanunuzi ni yale yale: dukani krimu ilikaa vizuri, kufika mchana pale penye kovu pamepauka, pana rangi ya majivu. Wauzaji husingizia ngozi kavu. Tatizo limo koponi. Krimu hizi huziba kovu kwa kuwa zina unga wa rangi mwingi kuliko fandesheni, ukiwemo unga mweupe wa titaniamu dioksidi. Kwenye ngozi nyeusi, weupe huo hujitokeza kama kijivu, na ukipigwa picha kwa fleshi ndiyo kabisa.

Basi usianze kuuliza inadumu saa ngapi. Paka kiasi cha punje ya mchele pembeni mwa kovu lenyewe, si mgongoni mwa mkono. Toka nje, simama kivulini, ngoja dakika 10. Ikigeuka kijivu, kukimbilia rangi iliyokoza zaidi hakusaidii. Tafuta yenye wekundu au unjano zaidi. Kovu jeusi hutanguliziwa utando mwembamba wa rangi ya chungwa. Kovu jeupe la moto halihitaji.

Namba moja ni Dermacolor ya Kryolan, kampuni ya Berlin, na upendeleo wangu siufichi. Ina rangi nyingi, na kwenye paleti, yaani kisanduku chenye rangi kadhaa, unachanganya mbili au tatu hadi upate yako. Uso wa mtu hauna rangi moja: kipaji mara nyingi kimekoza kuliko shavu.

Ya pili ni Covermark, iliyoanzishwa na Lydia O'Leary, Mmarekani aliyezaliwa na alama usoni na kupata hataza mwaka 1932. Inaziba sana, ila ukizidisha hupasuka kwenye mikunjo. Ya tatu, Dermablend Cover Creme, ina kinga ya jua ya SPF 30, na kinga hiyo inatokana na titaniamu ile ile. Mwenye ngozi nyeusi aijaribu kwa makini zaidi.

Fandesheni za bei rahisi zinafaa madoa madogo tu. Juu ya kovu la moto, laini lisilo na vinyweleo, huteleza.

Poda ndiyo huharibu kazi nzuri. Ile nyeupe inayoitwa ya ngozi zote inapausha. Nunua yenye rangi. Pasha krimu joto kwa kidole, igongegonge bila kusugua, tabaka mbili nyembamba, ukipitiliza ukingo wa kovu kwa nusu sentimita. Mwagia poda ya kutosha, iache dakika 5 hadi 10, pangusa kwa brashi laini, kisha gusa kwa sponji yenye unyevu. Jasho likija, bonyeza kitambaa, usifute. Keloidi, yaani kovu lililovimba, itafichwa rangi, mwinuko utabaki. Kidonda kisichofunga kisipakwe chochote.

Kinachoudhi ni maduka yanayokataa kufungua ya kujaribia, kisha yanadai bei ya kopo zima kwa rangi uliyochaguliwa chini ya taa. Kibaya zaidi, unaulizia krimu ya kuficha, unaletewa ya kuchubua. Zenye zebaki zimepigwa marufuku Kenya na Tanzania, na zinaweza kudhuru ngozi. Muuzaji wa namna hiyo mwache hapo hapo. Anza na paleti ndogo. Kopo kubwa linunue ukishaijua rangi yako.